Fundo Lisilo la Susu

Kabla ya kwenda shuleni, Munyiva alikuwa na kazi moja ambayo hakuiruka hata siku moja. Akishafagia ua, akafungulia kuku na kumpelekea mbuzi majani ya viazi vitamu, aliketi kizingitini akatunga uzi kwenye sindano, moja baada ya nyingine, na kuzichomeka katika gunzi la mahindi mpaka likafanana na nungunungu mdogo. Gunzi hilo alilikabidhi mkononi mwa nyanya yake.

"Vidole vyangu vimekuwa vigumu siku hizi," nyanya alimwambia kila asubuhi, kana kwamba hajawahi kulisema jambo hilo. "Ni baridi tu."

"Si neno, Susu."

Susu ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya. Munyiva hakujua kumwita kwa jina lingine mwanamke huyo aliyemlea tangu mama yake apate kazi katika kiwanda kimoja cha Athi River. Wanawake wenzake walimwita Katunge. Shamba lake lilikuwa dogo, kwenye mteremko karibu na Kangundo: miti michache ya kahawa, mahindi na mbaazi kwenye matuta, na migomba kule chini karibu na kijito.

Mwaka huo wa 1998 mvua za El Nino zilikuwa zimebomoa sehemu ya matuta hayo. Zilibomoa pia ukuta wa nyumba ya Ngina, jirani wa bondeni, na kuuangusha juu ya kitanda chake na kila kitu kilichokuwa juu yake. Ngina mwenyewe alinusurika pamoja na watoto wake wadogo, lakini matandiko yao yote yalizikwa matopeni. Mwezi wa Mei ulikuwa unaisha, na kila mtu wa Kangundo anaijua baridi ya Julai.

Ndiyo maana mwethya, kile kikundi cha wanawake waliozoea kusaidiana kulima na kujenga, kiliweka majembe kando na kushika sindano. Walikuwa wakimshonea Ngina blanketi la viraka. Kila nyumba ilitoa kitambaa: sketi ya shule iliyomfupikia mwenyewe, shati la marehemu, leso iliyochakaa katikati lakini ingali nzuri pembeni, mabaki kutoka kwa mafundi wa cherehani wa soko la Tala. Kila mwanamke alishona safu yake nyumbani kwake, kisha akamletea Katunge aziunganishe zote, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha wengi wao kushona.

Kikundi kilikuwa na sheria moja kali. Mshono mbaya ulifumuliwa Jumamosi, siku ya mkutano wao, mbele ya wote, na aliyeushona akauanza upya huku wenzake wakimtania. Katunge ndiye aliyeitunga sheria hiyo. Yeye mwenyewe hakuwahi kufumuliwa hata mara moja.

Jioni moja, Munyiva alikuwa akilikunja blanketi ili alirudishe ndani ya kiondo kikubwa, aliposikia kitu kigumu chini ya kidole chake. Alikitazama. Lilikuwa fundo dogo, gumu kama punje ya mchele.

Susu hakuwa na mafundo ya namna hiyo. Alikuwa amesuka viondo tangu usichana wake, na alimalizia uzi kama wasusi wanavyomalizia: aliupitisha mara mbili chini ya mshono, akauvuta, akaificha ncha yake ndani. Ukipapasa hapo, husikii chochote. Munyiva akaendelea kupapasa. Akapata fundo jingine, na jingine. Kando ya mshono aliona pia matundu madogo matupu, kama njia ya siafu, pale ambapo sindano ilikuwa imepita kwanza na uzi wake ukatolewa.

Mtu alikuwa amefumua kazi ya Susu, kisha akaishona upya.

Munyiva alifungua mdomo ili aulize. Susu alikuwa ameketi karibu na moto akiimba wimbo wa kanisani, uso wake umetulia. "Nikimwambia, hatapata usingizi," Munyiva aliwaza. "Kwanza nimjue aliyefumua." Akafunga mdomo. Kosa lake lilianzia hapo, ingawa wakati ule aliona ni upendo.

Kesho yake alimsimulia Winrose, waliyeketi naye dawati moja darasa la sita. Mama yake Winrose aliuza viatu na nguo Kangundo mjini, na Winrose aliamini kwamba mtu aliyekulia sokoni hadanganyiki.

"Nani anaweza kuingia kwenu?" Winrose aliuliza.

"Yeyote. Mlango tunaufunga kwa kamba tu."

"Na shosho yako huwa wapi mchana?"

"Susu? Shambani. Lakini Jumatano huwa kanisani na akina mama wenzake."

"Haya. Na ni nani hawasikizani naye?"

Munyiva hakuhitaji kufikiri. "Mama Kioko."

Mama Kioko alikuwa jirani wao wa upande wa juu. Watu wazima walimwita Kalunde. Mpaka kati ya mashamba hayo mawili ulikuwa mstari wa mikonge, na mvua ilipoung'oa, Susu alichukua miche mipya akaipanda upya kwa mkono wake. Kalunde alikuja akipiga kelele kutoka mbali.

"Katunge! Mkonge wako umeingia kwangu!"

"Mpaka huu niliupanda kabla wewe hujaolewa hapa!" Susu alimjibu, jembe likiwa juu. "Ondoka, mwanamke wewe, nisije nikakupanda pamoja na mikonge!"

Kesho yake Kalunde alirudi. Mara hii hakupiga kelele. Alisimama kimya akimtazama Susu anavyopanda miche iliyobaki, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo hakutaja tena habari za mpaka. Munyiva aliuogopa ukimya huo kuliko zile kelele.

"Wacha!" Winrose alisema aliposikia hayo. "Mtu akinyamaza hivyo, ujue amepata njia ingine. Anashona na uzi mbovu, ndiyo hiyo blanketi ichanike mbele ya watu. Waseme shosho amezeeka, hata mpaka wake hajui."

"Unajuaje?"

"Mimi naishi sokoni. Niambie kitu sijasikia."

Kuanzia hapo, kila alichofanya Kalunde kilikuwa na kivuli nyuma yake. Alipomsalimu Munyiva njiani, salamu ilikuwa ndefu mno. Alipoleta papai lililoiva vizuri na kusema, "Mpe nyanya yako, ale matunda," Munyiva alilipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, kisha akalipeleka kwa mbuzi. Alisimama akimtazama mbuzi huyo aone kama ataanguka. Mbuzi alikula, akalamba midomo, akamsukuma kwa kichwa akitaka zaidi.

Jumanne walikutana tena kijitoni.

"Nyanya yako ataenda kanisani kesho?" Kalunde aliuliza, akiinua mtungi wake.

"Kwa nini, Mama Kioko?"

"Nauliza tu, mwanangu."

Alipoinama, Munyiva aliona kwamba ncha ya leso yake ilikuwa imefungwa kitu. Karatasi ya kijani ilichungulia. Ilikuwa karatasi ya wembe. Kalunde hakuwa kinyozi, na mwanawe Kioko alikuwa mtu mzima aliyehamia Mombasa. Alihitaji wembe wa nini?

Siku ya Jumatano, kengele ya chakula cha mchana ilipolia, Munyiva hakwenda kwenye foleni ya githeri. Alikimbia njia yote hadi nyumbani, akajificha nyuma ya ghala la mahindi. Hakungoja sana. Kalunde alikuja kwenye mpaka, akaangalia juu, akaangalia chini, akavuka kati ya mikonge. Alifungua kamba ya mlango kama mtu aliyeizoea. Alipotoka, kiondo chenye blanketi kilikuwa kwapani, chini ya leso. Akaketi nyuma ya nyumba penye jua, akatoa wembe na kuanza kukata nyuzi za Susu. Kila uzi ulikatika kwa sauti ndogo.

Munyiva aliuma kola ya sare yake ili asipige kelele. Alitaka kumrukia. Lakini alifikiri juu ya Jumamosi, na juu ya sheria ya mwethya. "Na yeye afumuliwe mbele ya wote," alijiambia, akarudi shuleni akikimbia. Hakungoja kuuona mkono wa Kalunde ukiweka wembe chini, ukachukua sindano na kuanza kushona taratibu, jasho likimtoka kwenye paji la uso.

Jumamosi wanawake walijaa uani kwa Susu, wameketi juu ya magunia. Mwenyekiti wao, Mama Wavinya, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alishika safu ya mama mmoja kijana akaiinua juu.

"Jamani, huu mshono ulitoka wapi? Umelewa!"

"Ulipitia kilabuni kwa mama pima!" mwingine akadakia, na wote wakacheka. Safu ikafumuliwa, na mwenyewe akacheka pamoja nao, ingawa masikio yake yaliwaka.

Kisha Mama Wavinya akatandaza blanketi lenyewe, na Ngina, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akasogea karibu alione. "Sasa angalieni kazi ya Katunge. Imenyooka kama imepigwa rula. Umri huo wote, na mkono bado uko!"

Susu alitabasamu akitazama mbele yake. Munyiva akasimama. Watoto hawazungumzi kwenye mkutano wa mwethya, naye alilijua hilo.

"Hiyo si kazi ya Susu peke yake," alisema. "Mama Kioko anakuja hapa tukiwa hatupo. Anaingia ndani, anachukua blanketi, anakata nyuzi za Susu na wembe. Nimemwona kwa macho yangu. Jumatano. Hata sasa wembe uko kwa leso yake."

Kuku mmoja alikuwa akiparua chini ya mti wa kahawa, na kila mtu alimsikia.

"Kalunde," Mama Wavinya akasema polepole, "haya ni kweli?"

Kalunde alifungua ncha ya leso yake, akauweka wembe juu ya gunia mbele yake. "Ni kweli."

"Ngai! Kwa nini?"

Kalunde alimtazama Susu. Kisha akatazama mikono yake mwenyewe. "Sina la kusema. Mkitaka nitoke kwenye mwethya, nitatoka."

"Ni ule mpaka!" mtu akasema nyuma. "Ni ile mikonge!" Ngina alilivuta blanketi kwake na kulipapasa, akitafuta palipochanika. "Mama Kioko, watoto wangu walikukosea nini?" aliuliza, machozi yakiwa karibu.

Munyiva alikuwa amengoja wakati huo tangu Jumatano. Alidhani atafurahi. Lakini Kalunde hakubishana, hakutukana wala hakumwita mtoto huyo mwongo. Alianza tu kukusanya vitu vyake. Mtu mwenye hila haondoki hivyo.

"Keti, Kalunde," Susu akasema. "Ngina, nipe hilo blanketi."

Aliliweka magotini. Hakuinamisha kichwa kulitazama. Vidole vyake vilisafiri juu ya mishono, vikasimama, vikasafiri tena. "Hili si fundo langu," alisema. "Wala hili. Wala hili." Kisha akainua uso. "Munyiva, niletee safu niliyoshona jana. Iko chini ya mto wangu."

Munyiva aliingia ndani akaileta. Susu akamwambia aitandaze juani ili watu waione.

Mshono ulianza vizuri, kisha ukaenda kushoto, ukarudi kulia, ukapanda juu kama njia ya mbuzi. Mahali pengine uzi ulikuwa umeshika kitambaa kimoja tu. Viraka viwili, kimoja chekundu na kingine cha maua, havikuwa vimegusana kabisa. Mama Wavinya alipitisha mkono wake katikati yao, kisha akautoa upesi kana kwamba ameungua.

"Niambie, mjukuu wangu," Susu akasema. "Mstari wangu ukoje?"

Munyiva alitamani kudanganya. "Umepinda, Susu."

"Sana?"

"Sana."

Susu akavuta pumzi ndefu. "Tangu mvua zile, naona kama mtu aliye jikoni kwenye moshi. Mwanzoni nilidhani ni ukungu wa asubuhi. Kisha ukungu ukawaondokea watu wengine, kwangu ukabaki. Nikasingizia vidole." Alipapasa tena fundo lile gumu. "Na haya mafundo niliyasikia tangu wiki ya kwanza. Mimi si mjinga. Nilijua kuna mtu anayenishonea. Lakini nikimuuliza ni nani, itabidi niambiwe pia ni kwa nini. Basi nikanyamaza, nikapokea sifa ambazo si zangu."

"Ulipanda mikonge ukitafuta shimo kwa kidole cha mguu," Kalunde akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikavunjika. "Nilisimama pale nikakutazama, nikajua. Niliona heri nikose kipande cha shamba. Ningekufumua vipi mbele ya watu, wewe uliyenishika mkono nikashona kiraka changu cha kwanza?"

Munyiva alitembea kupita katikati ya magunia yale, na safari hiyo fupi ilikuwa ndefu. Akapiga magoti mbele ya Kalunde.

"Mama Kioko, nisamehe. Nilikufikiria mabaya." Akafuta pua kwa kiganja. "Hata lile papai nilimpa mbuzi."

Kalunde alimkazia macho. "Mbuzi alisemaje?"

"Alitaka lingine."

Mama Wavinya ndiye aliyeanza kucheka, kisha ua wote ukalipuka, na Susu akacheka mpaka akashika mbavu. Ngina alikuja akaketi kando yake, akamshika mkono.

"Mama, hiyo ni mtoto wa jicho," alisema. "Baba yangu alikuwa nayo, alikuwa anasalimia miti. Alipelekwa hospitali akapasuliwa, na siku hizi anahesabu kuku wa jirani kutoka ng'ambo ya mto."

"Kupasuliwa jicho!" Susu akashtuka.

"Ulishatishia kunipanda na mikonge," Kalunde akamwambia, "na sasa unaogopa daktari? Tutaenda pamoja. Nitakushika mkono."

Kabla ya kuondoka, mwethya ulikata shauri juu ya mambo mawili. Safu ya Susu ingefumuliwa mbele ya wote, kwa kuwa sheria ni sheria. Susu mwenyewe alishika wembe wa Kalunde, Munyiva akamwonyesha penye uzi, naye akakata. Na safu hiyo ingeshonwa upya na Munyiva, chini ya mkono wa Kalunde, kila siku baada ya shule, mpaka iishe.

Haikuwa kazi rahisi. Kalunde alifumua kiraka cha kwanza mara nyingi kuliko Munyiva alivyopenda. Lakini kutoka nyuma ya sindano Munyiva alimwona mtu ambaye hakuwa amemwona kamwe: mwanamke aliyeimba kwa sauti mbaya, aliyemkumbuka mwanawe wa Mombasa kila alipokunywa chai, na ambaye hakuwa akijua kumalizia uzi kama msusi wa viondo. Hilo Munyiva ndiye aliyemfundisha. Blanketi lilifika kwa Ngina asubuhi ya kwanza yenye ukungu mzito, na watoto wake wakajificha ndani yake hata kabla halijafika kitandani.

Hospitalini, daktari alimwambia Susu kwamba amechelewa lakini hajachelewa sana. Alipasuliwa jicho moja, na la pili likapangiwa siku yake. Kitambaa cha jichoni kilipotolewa, alirudi nyumbani akiongozwa na Kalunde, ingawa alikataa kushikwa mkono. Alitazama kila kitu kana kwamba ni mgeni. Alimwambia Munyiva kwamba amekua mrefu na kwamba shingo yake haijaoshwa. Kisha akapanda taratibu hadi mpakani, akasimama.

Mikonge yake ilianza sawasawa kando ya njia, kisha ikajikunja na kuingia katika shamba la Kalunde kama mtu anayeenda kuomba chumvi.

"Kalunde! Nimekuwa shambani mwako wakati huu wote, na hukuniambia?"

"Nilikuambia. Uliinua jembe."

Susu alicheka, lakini macho yake yalikuwa na maji. Alimvuta Munyiva karibu naye.

"Mjukuu wangu, wewe una macho mazima. Ulimwona Kalunde akiingia, ukauona wembe, ukaona mafundo. Yote uliyoyaona yalikuwa kweli, na ulichoamini hakikuwa kweli. Kuwa na shaka si dhambi. Lakini mwenye shaka ana mdomo. Aende akaulize kwa upole mlangoni kwa mtu, kabla hajamsimamisha mbele ya mkutano. Na mimi niliyekuwa mgonjwa nilikuwa na mdomo pia. Ningesema mapema kwamba sioni, tungeenda hospitali mapema, na wewe usingekuwa na cha kushuku. Sote tulinyamaza, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake."

"Nimesikia, Susu."

"Basi leta kamba na jembe."

Munyiva alileta kamba ndefu ya mkonge. Kalunde akafunga ncha moja kwenye kigingi kando ya njia, na Munyiva akaivuta ncha nyingine hadi kwenye jiwe la mpaka kule mwisho, akaikaza mpaka ikalia. Susu alipiga goti, akafumba jicho lililokuwa halijatibiwa, akaitazama kamba hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Imenyooka," alisema. Kisha akageuka. "Wewe unaonaje, Kalunde?"

"Imenyooka," Kalunde akajibu, na wakaanza kung'oa mikonge.